Kibanio Juu ya Sinki

Watu wa mtaa wetu wakikuambia kwamba dada yangu amerukwa na akili kwa sababu anamchoma paka sindano asubuhi na jioni, waelekeze kwangu. Saluni yangu iko kwenye kona, ina mlango wa samawati, na samawati hiyo aliichanganya yeye mwenyewe. Waje wakae kitini, nitawasuka huku nikiwaeleza, na wenye midomo mirefu nitawavuta nywele kidogo. Mimi maneno matamu sikuumbiwa. Marehemu shemeji alikuwa akiniita Pilipili, na wala hakunisingizia.

Dada ni mchanganya rangi. Mwaka wa ishirini na tatu huu yuko kwenye duka lile lile la vifaa vya ujenzi, nyuma kabisa, kwenye meza iliyojaa makopo. Mteja anamletea kipande cha ukuta kilichobanduka, kifungo cha shati, hata ganda la yai. Kuna mmoja aliwahi kutoa jino lake la bandia akitaka sebule ifanane nalo. Dada anakitazama kile kitu, anafumba jicho moja, kisha anaanza kudondosha: nyeusi matone mawili, manjano matano, nyekundu nusu tone kwa ncha ya kijiti. Anakoroga. Anapaka kidogo kwenye ubao, anangoja ikauke, na hapo mteja anacheka peke yake maana rangi ndiyo hiyo hiyo. Mwenye duka aliwahi kununua mashine ya kazi hiyo. Mafundi wakaikataa, siku hizi imefunikwa shuka na juu yake wanawekea vikombe vya chai. Ukimuuliza Dada anapimaje, atakwambia mkono unajua.

Basi mwanamke huyo alikaa miezi kumi akiuza misumari. Aliomba mwenyewe ahamishwe. Alisema mkono wake umemsaliti, na kila kitu chenye kipimo akawa hakigusi. Hata chumvi ya mboga akawa ananiambia nitie mimi. Hayo mtaa mzima unayajua. Nilichokuwa siwaambii ni kwamba mkono wa dada yangu haukumsaliti hata siku moja. Aliyemsaliti ni mimi, na tulikuwa tunakaa meza moja tukila chakula nilichokitia chumvi mwenyewe.

Nianze na shemeji. Alikuwa dereva wa malori, mtu wa kelele na mizaha, ukikaa naye mbavu zinakuuma kwa kucheka. Kisukari kikamkuta njiani, kikamshusha kwenye usukani, kikamla hisia za miguu, akawa anatembea kwa kuburuta nyayo kwenye sakafu ya saruji, kwaru, kwaru, unamsikia tangu koridoni. Mwishowe kiharusi kikamchukua ulimi. Akili ilibaki nzima, macho yanacheka, lakini neno halitoki. Jina langu la Pilipili alilikazania mpaka jasho likamtiririka, likaishia "pii". Siku ile nililia kwa hasira.

Sindano yake ilikuwa moja kwa siku, saa moja asubuhi, yuniti ishirini za insulini. Sisi wawili, Dada na mimi, atakayewahi ndiye wa kumchoma. Na kwa kuwa mwenyewe hawezi kusema kama ameshachomwa au bado, Dada akabuni utaratibu. Juu ya sinki la jikoni alipigilia misumari miwili, akafunga uzi katikati, akabana hapo kibanio kimoja cha nguo, cha mbao. Kibanio kikiwa upande wa mlango, maana yake bado. Ukishachoma, unakisogeza upande wa dirisha. Atakayeosha vyombo vya jioni anakirudisha mlangoni kwa ajili ya kesho. Kwa Dada kibanio kile kilikuwa sheria. Kwangu kilikuwa kero.

Nilikisahau mara moja, nikakisahau mara ya pili. Mara ya tatu Dada akaja kunisema saluni mbele ya mteja, kichwa cha watu kiko nusu kimesukwa, kwamba kama kibanio tu kinanishinda, nitaweza lipi duniani? Nikanuna. Sisi kwetu tukinuna tunanuna kweli. Siku nne nzima tunapitana ndani ya nyumba moja kama wapangaji wasiojuana. Asubuhi iliyofuata niliwahi kuamka. Dada alikuwa bafuni. Nikamnywesha shemeji uji, nikamchoma yuniti zake ishirini, nikalipenyeza bomba la sindano kwenye tundu la kifuniko cha kopo la maziwa, maana ndimo tunamotupa mabomba yaliyotumika. Kisha nikakitazama kibanio. Nikasema moyoni, akitaka kujua kama nimemchoma, aniulize kwa mdomo. Nikabeba mkoba wangu nikaenda saluni.

Dada akatoka bafuni, akaona kibanio kiko mlangoni. Akachoma. Akakisogeza dirishani, akavaa viatu. Mwenyewe amesimulia mara nyingi kwamba alipokuwa anatoka, shemeji alimwinulia vidole viwili, kisha akagonga mkono wa kiti, mara mbili. Yeye akadhani anamwambia saa mbili inafika, wahi kazini. Akamshika bega, akaondoka.

Mimi niliporudi mchana nilimkuta kwenye kiti chake, shati limelowa jasho na mwili umepoa. Nilimwita, nikamtikisa, nikakimbilia jikoni kutafuta sukari, na hapo ndipo nilipokiona kibanio. Kilikuwa dirishani, na mimi sikukisogeza. Damu ikanikauka. Nikafunua kopo la maziwa, lile ambalo Dada alikuwa amelimwaga zahanati jana yake, likarudi tupu. Sasa lilikuwa na mabomba mawili. Nikachukua moja, nikalizungushia nywele za bandia, nikalitumbukiza kwenye mfuko wangu wa taka za saluni. Ndipo nikatoka nje kupiga kelele za kuita watu.

Hospitali walisema amekufa kwa sukari kushuka mno, dawa ilizidi. Dada alikaa kwenye benchi akiutazama mkono wake wa kulia, akaugeuza, akaugeuza tena. Kisha akaniuliza, mara hiyo moja tu.

"Asubuhi hukumchoma wewe, sivyo?"

"Sikumchoma," nikasema.

Neno moja tu, na likatosha. Tangu hapo akaamini kwamba alivuta yuniti arobaini akidhani ni ishirini. Nami nikafyata ulimi, mimi niliyejulikana mtaa mzima kwa kutofunga mdomo.

Sasa paka. Masizi aliokotwa na shemeji gereji moja, akiwa hajafungua macho vizuri, wa kijivu cha moshi. Dada alikuwa na mzaha wake kwamba paka yule ni nyeupe iliyotiwa nyeusi matone tisa na samawati tone moja. Maisha yake yote alilala miguuni pa shemeji. Mwezi wa pili baada ya mazishi akaanza kunywa maji. Anamaliza bakuli, anakwenda kwenye ndoo, anainama mpaka masharubu yanaelea. Anakojoa madimbwi. Anakula kuliko sisi na anazidi kukonda. Mdomo wake ukawa unatoa harufu ya tunda lililoiva kupita kiasi. Shemeji alianza hivyo hivyo, dalili moja baada ya nyingine, kwa mpangilio ule ule. Nilimwona Dada akilitazama bakuli la maji kila anapopita.

Halafu ikaja ile asubuhi. Nilikuwa jikoni nakoroga uji nikasikia koridoni: kwaru, kwaru. Kijiko kikanitoka mkononi. Mlio ule nilikuwa nimeusikia miaka, siwezi kuufananisha na mwingine. Mtu alikuwa anatoka chumbani kwa shemeji akiburuta nyayo, na chumba kile kilikuwa kimefungwa. 

Akatokea Masizi. Miguu yake ya nyuma alikuwa ameilaza chini yote, mpaka kwenye kifundo, na anaiburuta. Akanipita bila kunitazama, akaingia sebuleni, akajivuta kwa tabu mpaka akapanda kwenye kiti cha shemeji, kile kifupi cha karibu na dirisha ambacho hakuna aliyekikalia tangu mazishi. Saa ya ukutani ilikuwa saa moja kamili. Akainua mguu wa mbele, akagonga mkono wa kiti. Mara mbili. Nywele zilinisimama mwili mzima. Nikageuka nikamkuta Dada yuko nyuma yangu na taulo kichwani, naye ameona.

"Anataka sindano yake," alisema, taratibu kabisa, na sauti ile ndiyo iliyonitisha zaidi.

Tulimtia kwenye kapu tukampeleka kwa daktari wa mifugo. Daktari yule amezoea ng'ombe na kuku, mbele yetu kwenye foleni kulikuwa na mtu na mbuzi wake. Akaanza kwa kutucheka, akauliza paka wetu anakunywa soda ngapi kwa siku. Kisha akamnusa mdomo, akamtoboa sikio, akaweka tone la damu kwenye kile kipimo kidogo, na kicheko kikaisha. Alitueleza kwamba ni kisukari kama cha binadamu, kwamba miguu ile imelazwa na sukari iliyokula mishipa ya fahamu, na tukiidhibiti huenda atasimama tena. Insulini yuniti mbili asubuhi, mbili jioni, akishakula, chini ya ngozi ya shingo. Kichupa kisitikiswe, kiviringishwe viganjani. Akianza kuyumba au kutetemeka, apakwe asali kwenye fizi haraka aletwe mbio. Dada akamuuliza ikizidi inakuwaje. Daktari akajibu bila kuinua kichwa kwamba mnyama mdogo kama huyu akichomwa mara mbili, uwezekano ni kwamba jioni haimkuti. Nilijifanya nafunga kapu.

Duka la dawa nalo halikunisaidia. Muuza dawa hakuandika kadi mpya. Alivuta kwenye mtoto wa meza kadi ile ile ya shemeji, akapuliza vumbi, akaandika mstari uliofuata chini ya ule wa mwisho. Ukiisoma, utadhani mgonjwa ni mmoja na alipumzika kidogo tu.

Mwanzoni Dada hakutaka kushika sindano. Nilichoma mimi, yeye akimshikilia Masizi na kumwambia "pole baba", maneno yale yale aliyokuwa akimwambia mumewe. Paka mwenyewe hakuwa na shida. Kila siku saa moja inapogonga yuko kitini, shingo ameinamisha. Nilimchukia. Nasema ukweli, nilimchukia paka mgonjwa, kwa sababu nilipokuwa nambinya ngozi alikuwa akinigeuzia macho yale ya manjano na kunikazia, na Dada akimchoma hakuwa akigeuka kabisa.

Maana Dada alianza kumchoma. Ilikuwa wiki ya tatu. Alinyoosha mkono akaniomba bomba, na kabla sijampa akaniambia jambo moja.

"Huyu akinifia mkononi, mdogo wangu, sitashika tena kitu chenye kipimo mpaka naingia kaburini."

Nikampa. Akavuta dawa, akaisogeza kwenye mwanga wa dirisha, akafumba jicho moja. Tangu mazishi sikuwa nimemwona akifumba lile jicho. Akachoma, na Masizi hata sikio hakulitikisa. Dada akakaa sakafuni akaegemea kiti, akacheka peke yake kama wateja wake. Nilifurahi mpaka machozi yakanilenga.

Kesho yake akapigilia ile misumari miwili juu ya sinki. Uzi mpya, kibanio kile kile. Alikuwa amekihifadhi kwenye droo pamoja na leseni ya udereva ya marehemu. Sheria ikawa ile ile, ila sasa mara mbili kwa siku: anayeosha vyombo vya mchana anakirudisha mlangoni, anayeosha vya jioni vivyo hivyo. Mimi safari hii sikuleta ubishi. Nilikuwa nakisogeza, nakigusa tena kuhakikisha, halafu ndiyo natoka.

Dada akaanza kurudi, kidogo kidogo. Siku moja aliinuka mezani akaonja mboga, akatia chumvi mwenyewe. Nikasikia kwamba dukani, akipita karibu na meza yake ya zamani, anapanga makopo. Mwenye duka, mjanja yule, alijifanya haoni. Alifuta vumbi tu akaacha kijiti kipya juu ya meza. Alichohitaji tu dada yangu ni paka huyo aendelee kuishi kwa mkono wake. Mimi nilikuwa naomba hilo kuliko nilivyowahi kuomba jambo lolote, maana nilijiambia kwamba akishapona mwenyewe hakutakuwa na haja ya mimi kusema. Nilikuwa natafuta njia ya kumtwika paka deni langu mgongoni.

Ndipo kibanio kilipoanza vituko vyake.

Mara ya kwanza nilimchoma Masizi, nikakisogeza dirishani, nikaenda chumbani kuvaa. Niliporudi kilikuwa mlangoni. Nikasema labda nimechoka, nikakirudisha. Wiki ile ile ikatokea tena: nimechoma, nimesogeza, nimekigusa, nimegeuka kuchukua kikombe, nikigeuka tena kiko mlangoni. Dada alikuwa bado kitandani. Upepo? Dirisha lilikuwa limefungwa. Paka? Miguu ile haikuweza kupanda hata kitanda, sembuse sinki. Nikakaza uzi. Nikabana kibanio kwa nguvu mpaka kikaacha alama. Mara ya tatu nilisimama pale pale nikikikodolea macho kwa dakika nzima, nacho hakikutikisika. Sebuleni nikasikia Masizi amegonga mkono wa kiti, tok, tok. Nikageuza shingo kumtazama. Nilipoirudisha, kilikuwa mlangoni.

Na sikia hili: Dada akichoma yeye, kibanio kilikaa dirishani mpaka vyombo vinaoshwa. Kilirudi nilipochoma mimi tu.

Ungekuwa wewe ungemwambia dada yako. Mimi ningemwambia nini? Kwamba nimemchoma mgonjwa lakini kibanio kinasema bado? Maneno hayo yalikuwa yanakaribia sana yale mengine. Nikawa nakivizia kibanio kama mwizi, nakirudisha kabla Dada hajaamka, najikaza kisabuni. Usingizi ukanipotea. Wateja wakalalamika kwamba nawasuka kwa kuwabana mpaka macho yanawatoka.

Asubuhi yenyewe ilikuwa ya kawaida, jua limeshaingia sebuleni. Jana yake mwenye duka alikuwa amemwambia Dada kuna mteja ameleta kigae, anataka ukuta mzima wa rangi ile, na mafundi wameshindwa. Dada alikuwa amemjibu kwamba atajaribu. Aliamka anaimba. Akaingia bafuni, nami nikamlisha Masizi samaki wake, nikavuta yuniti mbili, nikamchoma. Akanigeuzia macho kama kawaida yake. Nikakisogeza kibanio dirishani, nikakigusa, nikatoka uani kuanika taulo za saluni.

Nilikuwa na taulo moja mkononi nikasikia kutoka sebuleni: tok, tok. Nikasimama. Tok, tok, tena. Hakuwa na desturi ya kurudia.

Niliacha beseni nikakimbilia ndani. Kibanio kilikuwa mlangoni. Dada alikuwa amepiga magoti mbele ya kiti, taulo kichwani, bomba liko mkononi, na mkono wa kushoto umeshambana Masizi ngozi ya shingo. Paka alikuwa ameinua mguu wa mbele na ananitazama mimi.

"Weka chini, Dada. Nimeshamchoma."

Hakunitazama. Alinyoosha shingo akaangalia jikoni. "Kibanio kiko mlangoni."

"Nilikisogeza. Kimerudi."

"Kimerudishwa na nani?"

Nikaona uso wake unajifunga, taratibu, kama duka linavyofungwa jioni, na nikaelewa anachofikiri kabla hajakisema.

"Unauogopa mkono wangu," alisema. "Umekuja mbio kwa sababu leo naenda kuchanganya rangi na wewe huniamini. Sema tu. Wewe ukichoma unakisogeza, hujawahi kukiacha tangu shemeji yako afe."

Ningeweza kunyamaza. Ningeweza kumpokonya bomba, paka angepona, na dada yangu angerudi kwenye misumari yake siku hiyo hiyo akijua kwamba hata ndugu yake wa damu hauamini mkono wake. Masizi akagonga mkono wa kiti mara mbili, polepole, na mimi nikaona vidole vya shemeji, viwili, vimeinuliwa mbele ya mke ambaye anavaa viatu.

"Niliwahi kukiacha," nikasema.

"Lini?"

"Siku ile."

Alibaki vile vile, magoti chini. Nikasema yote, nimesimama mlangoni na taulo mbichi inanidondokea miguuni: kwamba niliwahi kuamka, nilimchoma yuniti ishirini, nilikitazama kibanio nikakiacha kwa kiburi ili aniulize kwa mdomo, kwamba kopo lilikuwa na mabomba mawili nikaficha moja, kwamba aliniuliza kwa mdomo, kwenye benchi la hospitali, na nikamdanganya. Sikulia. Nilijua kilio changu wakati ule kingekuwa ni kuomba kitu.

Nilingoja anipige kofi. Ningeshukuru. Yeye alimwachia Masizi taratibu, akainuka, akanipita akaenda kwenye sinki. Akaliinua bomba kwenye mwanga wa dirisha, akafumba jicho moja, akalitazama muda mrefu.

"Yuniti mbili kamili," alisema, wala hakuwa akiniambia mimi. Akaisukuma dawa kwenye sinki. Haikuwa hata tone zima.

Kisha akaugeuza mkono wake wa kulia, akautazama kiganja, akautazama mgongo. "Vidole viwili," akasema. "Alikuwa ananiambia." Hapo ndipo alipolia, ameshika ukingo wa sinki, na mimi sikuthubutu kumsogelea. Nilisimama pale mpaka alipomaliza. Akanawa uso. Akachukua kisu, akaukata uzi juu ya sinki, akaja akaniwekea kibanio mkononi na kuvikunja vidole vyangu juu yake.

"Kuanzia leo," akasema, "utaniambia kwa mdomo."

Akavaa, akaenda kazini. Nilikaa na Masizi siku nzima, saluni sikufungua, nikimpapasa na kumtazama kila anapopumua. Hakuyumba wala hakutetemeka. Jioni Dada alirudi na rangi ya kile kigae chini ya kucha zake, kijani cha aina ambayo sijawahi kuiona. Hakunieleza ilikuwaje. Nilisikia kwa mafundi, kwamba aliipata kwa mara ya kwanza, kwamba mteja alicheka.

Huu ni mwezi wa nne tangu siku ile. Masizi amenenepa na miguu imerudi kama daktari alivyosema. Anatembea kwa vidole, hatumsikii tena akija. Kiti cha shemeji amekihama, analala juu ya friji. Hajagonga tena kitu chochote. Kibanio nimekibana kwenye pazia la saluni, na kila asubuhi nikifungua mlango nakiangalia kwanza. Kiko pale pale nilipokiacha.

Dada hajanifukuza. Tunakula meza moja, chumvi anatia yeye. Saa moja asubuhi mmoja wetu anamchoma paka, na akiwa ni mimi nasema kwa sauti, hata kama amesimama karibu yangu anaona kila kitu:

"Nimemchoma, Dada."

"Nimesikia," ananijibu.

Jioni tunarudia tena. Ukitoa hayo, tangu siku ile hajaniambia neno jingine.